Chokoleti Katika Sinia la Halwa

Kazija Yunusu huamka kabla ya muadhini. Si kwa ucha Mungu peke yake, ingawa swala haimpiti. Ni kwa sababu mjini Lindi hiyo ndiyo saa ambayo chokoleti husikia la mtu. Jua likishapanda juu ya mtaa wake wa Mtanda na mabati yakaanza kulia, chokoleti hugeuka mchuzi, na mchuzi hauingii kwenye kalibu ukatoka na sura.

Jikoni kwake kuna meza moja aliyoibandika vigae vyeupe, jiko la gesi, na rafu ya kalibu zake za plastiki ngumu, zenye vishimo vya umbo la korosho, vya kome na vya ua. Kwanza huzipangusa kwa pamba kavu, kishimo kwa kishimo, mpaka ndani kung'ae. Anasema kalibu ni kioo, na uchafu ulioachwa ndani yake utauona usoni kwa chokoleti. Kisha huikatakata chokoleti nyeusi. Sehemu kubwa huiyeyusha katika bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, na iliyobaki huitia baadaye, kidogo kidogo, huku akikoroga, ili ile ya baridi iitulize ile ya moto. Hana kipimajoto. Hugusa tone kwenye mdomo wa chini. Likiwa la baridi kidogo kuliko mdomo, chokoleti imetulia. Ikimiminwa kabla ya hapo huganda na mabaka ya kijivu, kama mguu uliokosa mafuta.

Huimimina, huigonga kalibu mezani ili vipovu vya hewa vitoke, halafu huipindua juu ya bakuli. Iliyozidi hudondoka na kila kishimo hubaki na ganda jembamba. Ndani ya ganda hutia korosho zilizokaangwa na kutwangwa pamoja na sukari na iliki, hufunika kwa chokoleti nyingine, hukwangua juu kwa kisu bapa. Zikishaganda huigeuza kalibu juu ya kitambaa na kuipiga kofi moja mgongoni. Chokoleti hudondoka zote pamoja, kwa sauti kama ya shanga zilizokatikiwa na uzi.

Kazija ni mtoto wa shemeji yangu Yunusu, na Yunusu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Baba yao, Mzee Fakihi, alikuwa mpika halwa wa Kilwa Kivinje. Waliokula kwa mkono wake wamebaki wachache, lakini jina lake bado linatembea. Niliolewa katika nyumba hiyo nikiwa mwalimu kijana, nikakuta jina limeshasimama. Kazi yangu imekuwa kuangalia lisianguke. Mume wangu alipofariki kazi hiyo ikawa yangu peke yangu, kwa kuwa wanaume waliobaki katika ukoo ni wapole mno.

Juu ya ndoa ya Kazija nitasema machache, maana mengine ni ya ndani. Aliolewa Mtwara, akarudi. Alirudi na begi moja na adabu zake zote. Waliotaka kujua zaidi tuliwakaribisha chai, tukazungumza nao habari za mvua.

Hakutaka kukaa Kivinje akitazamwa. Alipanga chumba Mtanda, akajiunga na akina mama wanaobangua korosho. Korosho nzima huenda kwa wanunuzi. Zilizovunjika akina mama hugawana, na wengi huzitia kwenye mchuzi au kuwapa watoto. Kazija alizikaanga zake, akazipenda, akaanza kutafuta kitu cha kuzivika. Ndipo alipoona kwenye simu mwanamke wa nchi za mbali akimimina chokoleti katika kalibu, akaitazama picha hiyo mpaka betri ikaisha.

Za mwanzo zilikuwa balaa. Alitumia vibati vya kugandishia barafu, chokoleti ikang'ang'ania humo mpaka akaichimba kwa kijiko. Tone la maji likaingia bakulini, yote ikashikana kama uji wa jana. Halafu akapata zilizotoka vizuri, akaziweka kwenye friji la jirani, juu ya changu na dagaa wa jirani huyo. Watoto wa mtaa walipozila walikimbia wakicheka, wakampa jina Mama Chokodagaa. Jina hilo lilimfuata muda mrefu hata sokoni.

"Chokoleti ina pua, mama mkubwa," aliniambia baadaye, nilipokwenda kumtembelea. "Ukiilaza na kitunguu, inaamka kitunguu."

Baada ya aibu hiyo alinunua friji dogo la kwake, na humo hakijaingia kitu chenye harufu, hata limau. Mkono wake ukakaa sawa. Walimu wakaanza kumwagiza, kisha manesi, kisha watu wenye shughuli za harusi. Alizifunga katika maboksi meupe yasiyo na neno lolote.

Hayo maboksi ndiyo yaliyomleta kwangu. Alikuja Kivinje, akanisalimu, "Shikamoo, mama mkubwa," nikaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka na kuanza kuzungumza habari za afya ya kila mtu katika ukoo, mmoja mmoja. Nikajua ana jambo.

"Sema, Kazija. Hata paka umeshamuulizia hali."

Akacheka, kisha akainamisha macho. "Nataka kuandika jina la babu kwenye maboksi. Fakihi. Watu wananiuliza ni chokoleti ya nani, nasema yangu, wanasema wewe ni nani? Nikisema mjukuu wa Mzee Fakihi wa halwa, wanakaa vizuri."

"Babu yako hakuiona chokoleti maishani mwake."

"Aliona sukari, mama mkubwa. Na aliona moto."

"Na wale waliokuita Chokodagaa? Nao wataita Fakihi-dagaa?"

Nilisema hivyo kwa makusudi. Jina la mtu aliyekwisha kufa haliwezi kujitetea. Likipakwa kitu, hukaa nacho. Kazija hakunijibu kwa hasira. Aliniambia polepole kwamba baba yake hapiki tena, kaka zake hawakujifunza, na nyumba yenye jina la utamu haina hata mmoja anayepika kitu kitamu ila yeye. "Jina mnalolificha kabatini," alisema, "nalo linaliwa na mchwa."

Nilimwambia nitafikiri. Sikupenda lile neno la mchwa, lakini nililala nalo.

Yunusu, baba yake, ndiye aliyekuwa ameirithi sufuria ya halwa, sufuria nzito ya shaba ambayo Mzee Fakihi aliileta kutoka Unguja. Aliipikia miaka mingi, mpaka ugonjwa wa kupooza ulipomshika upande wa kulia. Alipata nafuu, anatembea kwa fimbo, anasema maneno kwa kuyachagua. Lakini mkono wa kulia umebaki mzito, na halwa ni mkono. Sufuria ikageuzwa kifudifudi ukumbini.

Mwaka huohuo wa ombi la Kazija ikaja posa ya mjukuu wangu Kudra. Kijana, Yasini, ni wa Kilwa Masoko, na mama yake ni Bi Zuhura, mwanamke ambaye ulimi wake unajulikana kutoka Masoko mpaka Nangurukuru. Posa ililetwa katika sinia la shaba. Kwa desturi ya nyumba yetu sinia la posa hubaki kwetu mpaka siku ya jibu. Likirudi tupu, maana yake binti hatolewi. Likirudi limejaa, posa imekubaliwa, na toka enzi za Mzee Fakihi lilikuwa likirudi limejaa halwa.

Sasa posa tumeikubali, na halwa hakuna.

Tuliketi kulizungumza, Yunusu, Kudra, Kazija na mimi. Nilisema tuagize halwa kwa watu wa mji mwingine wanaojua kazi.

"Bi Zuhura atauliza ni mkono wa nani," Yunusu akasema.

"Sitasema ni wetu."

"Utasema si wetu?"

"Sitasema lolote. Nitamkaribisha kahawa."

Kudra akapiga kofi. "Bibi yangu mie! Alifundisha watoto wa watu uraia!"

Ndipo Kazija akasema, "Nipeni sinia hilo mimi. Nilijaze chokoleti."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa khanga yake kwa vidole vyote, kama mtu aliyeshika kamba ya ngalawa. Nikaona kwamba hapa ndipo ombi lake lote lilipo, na nikaona ni haki lipimwe mahali panapoonekana. Nikamwambia: "Sawa. Likirudi Masoko kwa heshima, andika jina la babu yako kwenye maboksi yako. Lisiporudi kwa heshima, jina hilo hulitaji tena kwangu. Na mimi nitaagiza halwa ya akiba, ikae kabatini."

"Halwa yako itaota ndevu, mama mkubwa," akasema.

Alikuja Kivinje na vifaa vyake vyote, chokoleti ikiwa katika boksi la barafu, imezungushiwa taulo kama mtoto mchanga. Friji la nyumbani lilikuwa limejaa pweza na changu wa shughuli, hakulisogelea. Alichagua chumba cha ndani kabisa. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta zake nene kama mkono mzima, na chumba hicho hakijawahi kujua jua. Alfajiri ya siku ya jibu alifanya kazi yake humo, na sisi tulipomaliza kunywa chai zilikuwa tayari: korosho, makome na maua, nyeusi, zinang'aa, zimepangwa kwenye sinia kwa duara, safu juu ya safu. Juu yake akafunika kawa mpya ya ukili, iliyosukwa na shangazi mmoja kwa rangi nyekundu na zambarau. Hata mimi nilisogea kuzitazama. Mtu asingeweza kusema ni pipi.

Sasa, katika nyumba ya Fakihi chombo cha heshima hakitoki bila kufukizwa udi. Hili halifundishwi. Mtoto wa kike hukua akiona nguo, vikombe, kitanda cha bi harusi, hata mtungi wa maji ya wageni, vyote vikipitishwa juu ya chetezo. Kabla ya kupanga, Kazija alikuwa amelisugua sinia na kulifukiza. Akaifukiza khanga ya kutandikia. Akaishikilia kawa juu ya moshi mpaka ikashiba, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Ndipo akapanga chokoleti na kufunika. Yeye aliyeogopa samaki, kitunguu na limau, hakufikiria udi. Kwa mtu aliyelelewa humo, udi si harufu. Udi ni usafi.

Kudra ndiye aliyeng'amua, kwa wizi. Aliingia chumba cha ndani, akainua kawa, akachukua ua moja. Alitoka ameshika shavu.

"Shangazi," alisema, "nimekula nguo ya Idi."

"Nini?"

"Nimekula nguo ya Idi. Ile iliyolala juu ya chetezo usiku kucha. Na vifungo vyake."

Kazija alikimbilia ndani. Alionja moja ya chini, akaonja ya kati, akaonja ya juu. Nilimwona akikaa chini sakafuni, kawa ikiwa mapajani. Nami nikaonja. Kwanza utamu, kisha korosho, halafu moshi ukapanda puani na kukaa kooni, mchungu, kama mtu amekuzimia mshumaa mdomoni.

"Nilijua," alisema. Hakuwa akisema na mtu. "Nilijua ina pua. Nikaifunika na moshi kwa mkono wangu mwenyewe."

Wageni walikuwa wanakuja baada ya alasiri. Nilikwenda kabatini nikaitoa halwa, nikaiweka mezani. Yunusu aliitazama ile halwa ya watu, akageuza uso.

Kazija alisimama. "Mama mkubwa, nipe mpaka adhuhuri. Ikishindikana nitaipanga hiyo halwa mwenyewe kwenye sinia, na jina sitalitaja."

"Joto hili? Alfajiri imeshapita."

"Najua."

Alizitenga. Za chini, zilizolalia sinia lenye moshi, na za juu, zilizogusa kawa, alizitupa kando zote. Za kati, ambazo harufu ilikuwa haijazama sana, alizikwangua ujazo wake na kuzirudisha bakulini. Alikuwa na chokoleti safi aliyokuja nayo kwa ajili ya oda nyingine za Lindi. Akaiyeyusha, akaanza kuichanganya na ile yenye udi, kidogo kidogo, kama mtu anayezimua chai iliyokolea majani. Kila mara alimpa Kudra ncha ya kijiko, kwa sababu Kudra hajui kusema uongo kwa ajili ya adabu.

"Sasa?"

"Bado Idi."

Akaongeza. "Sasa?"

"Nguo ya Ijumaa."

Akaongeza tena, akatia na iliki. Kudra alifumba macho, akatafuta kwa ulimi. "Sasa ni kama kuna mtu alijifukiza, akapita mlangoni, akaenda zake."

"Hapo," Kazija akasema. "Hapo hapo, tusiguse."

Lakini onjo lilikuwa nusu ya kazi. Hewa ilikuwa moto hata chumba cha ndani, na chokoleti haikukubali kutulia. Alijaribu kalibu moja. Ikatoka laini, ina mabaka, inaacha alama ya kidole. Akajaribu nyingine, vilevile. Jasho likawa linamtoka puani na yeye analizuia kwa mkono wa nguo lisidondoke bakulini, maana tone moja tu lingeharibu yote.

Tukasikia fimbo ya Yunusu ukumbini, kisha mlio mzito. Alikuwa akijaribu kuigeuza sufuria ya shaba kwa mkono mmoja.

"Baba, unafanya nini? Utaanguka!"

"Shaba," alisema. Akapumzika. "Inashika moto upesi. Inashika na baridi."

Tuliinyanyua wote, tukaiingiza chumba cha ndani. Kudra alichota maji ya kisima, tukamwaga barafu iliyobaki ya samaki baada ya kuiosha, na Kazija akaliketisha bakuli lake katikati, ukingo ukiwa juu ya maji. Shaba ilitoa jasho kwa nje. Yunusu akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe mwiko."

"Baba, haitaki kuachwa hata kidogo. Ukiiacha pembeni inaganda, katikati inabaki moto."

"Unamwambia nani?"

Nilicheka, na yeye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Tangu ugonjwa umpate sikuwa nimemwona ameshika mwiko. Alikoroga kwa mkono wa kushoto, pole, bila kukata, akipitisha mwiko ukutani mwa bakuli na kuurudisha katikati, kwa mwendo uleule wa halwa. Kazija alibaki na mikono miwili huru: kupangusa kalibu, kugusa tone mdomoni, kumimina, kugonga, kupindua. Baba hakumtazama binti wala binti hakumtazama baba. Mara mojamoja mmoja alisema "bado," na mwingine akasema "bado."

Kalibu ya kwanza ilipopigwa kofi, ile sauti ya shanga ikasikika. Zilitoka ngumu, nyeusi, na mwanga wa mlangoni ukaonekana ndani yake. Kudra alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani wageni wameshafika.

Sinia lilioshwa upya, Kazija akalitandika khanga nyingine isiyofukizwa. Chokoleti hazikuwa nyingi. Zilitosha safu moja tu, na katikati ya sinia pakabaki uwazi. Kazija akapajaza korosho nzima zilizokaangwa, za shamba letu la Nyangamara, akafunika kwa kawa ya zamani ya jikoni. Ile mpya nzuri aliiacha ukutani. Halwa ya akiba ilibaki mezani, nayo niliirudisha kabatini mimi mwenyewe.

Bi Zuhura alifika na wanawake wa Masoko, mabasi madogo mawili, nyimbo zikitangulia. Alisalimia, akauliza hali za wagonjwa, akakaa mahali ambapo angeweza kuona sinia.

"Bi Mwalimu," aliniambia, "mie tangu jana sijala kitu kitamu. Nimeyaweka meno yangu wakfu kwa halwa ya Fakihi."

"Jibu letu ni hilo hapo, Bi Zuhura. Fungua."

Akainua kawa. Wanawake wakanyoosha shingo. Nilimsikia mmoja nyuma akinong'ona, "Mbona imekauka?"

"Hii nini?" Bi Zuhura akasema. "Nimekuja na meno ya halwa, napewa vifungo vya koti?"

Kicheko kikavuma chumba kizima. Kazija alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Hakurudi nyuma.

Bi Zuhura akachukua kome moja, akaiangalia juu na chini, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akanyamaza, jambo ambalo watu wa Masoko walilisimulia baadaye kama maajabu. Akachukua ya pili. Ya tatu hakuila. Aliifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Kuna kitu humu," alisema. "Kinakuja, hakikai. Nani kapika?"

"Mimi, mama," Kazija akasema.

"Umetia nini?"

Nilitaka kusema ni siri ya nyumba. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Kazija alinitangulia.

"Udi, mama. Nilikosea. Asubuhi nilifukiza sinia na kawa kama tunavyofanya, chokoleti ikaubeba moshi wote. Ilikuwa hailiki. Nikaanza upya na baba, na hiyo ndiyo iliyobaki ndani yake."

Bi Zuhura akaegemea ukuta, akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, akifuta machozi kwa pindo lisilo na chokoleti.

"Jamani! Nyumba hii hata peremende inafukizwa! Mwanangu Yasini, umekwisha. Ukioa humu utafukizwa na wewe, na viatu vyako!"

Vigelegele, makofi, nyimbo. Sinia likatoka limebebwa juu ya kichwa na kawa ya jikoni juu yake, na posa ikawa imejibiwa.

Wao walicheka, nami nilicheka nao kama mwenyeji anavyopaswa. Lakini walipoondoka nilikuwa na mashaka. Kicheko cha Bi Zuhura ni bidhaa inayosafiri. Kabla ya sinia kufika Masoko, nyumba ya Fakihi ingekuwa ndiyo ile nyumba inayofukiza peremende. Je, hiyo ni heshima, au ni Chokodagaa nyingine? Nilimwambia Kazija waziwazi kwamba sijui. Akasema na yeye hajui. Alikuwa akiosha bakuli, na hakuniomba nimpe jibu.

"Ungenyamaza," nilimwambia.

"Angeuliza tena siku ya harusi, mama mkubwa. Na siku ile ningekuwa na uongo wa kutunza, na chokoleti ya kupika."

Alirudi Lindi bila kutaja jina. Maboksi yake yakaendelea kuwa meupe.

Kilichoamua ni kawa. Sinia lilikuwa lao, lakini ile kawa ya jikoni, kuukuu, yenye ukili uliofumuka pembeni, ilikuwa yetu, na chombo cha mtu lazima kirudi. Nilidhani itarudi kimyakimya na mtu wa kupita njia. Ililetwa na Bi Zuhura mwenyewe. Ilikuwa imeshonwa upya ukingo mzima kwa ukili mpya, na chini yake kulikuwa na sahani ya visheti vya mkono wake, maana hata yeye harudishi chombo kitupu.

"Bi Mwalimu," alisema kabla hajakaa vizuri, "mama yangu mzazi ana miaka mingi na meno machache. Nilimpa ile niliyoifunga kwenye khanga. Ameilamba mpaka ikaisha, kisha akaniuliza, Zuhura, ulikwenda kwa Fakihi leo? Sikuwa nimemwambia nilikokwenda."

Nikakumbuka kwamba hata masinia ya halwa ya Mzee Fakihi yalikuwa yakifukizwa.

"Sasa siku ya harusi sitaki keki ya ghorofa. Nataka hizo. Na moshi wake uwe uleule, usizidi, usipungue. Mwambieni yule binti asijifanye amejifunza akauondoa."

Nilimkaribisha kahawa, na safari hii nilikuwa na mengi ya kusema.

Nilisafiri mwenyewe hadi Mtanda. Nilimkuta Kazija akijaribu kuufundisha udi adabu. Alikuwa amefukiza kitambaa kimoja tu, kidogo, na kukifungia katika chombo na chokoleti kavu kabla ya kuiyeyusha, akionja kila baada ya muda, akiweka alama kwa vijiti vya kiberiti. Yunusu alikuwapo pia, amehamia kwake tangu ile siku. Sufuria ya shaba ilikuwa imekaa wima, imesuguliwa, na yeye kando yake kwenye kigoda, akikoroga bakuli la chokoleti kwa mwiko.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Lete maboksi yako."

Alinitazama, akayaleta. Nilitoa kalamu ya wino mzito niliyokuja nayo. Mwandiko wangu watu waliusifu nilipokuwa ubaoni, na sikutaka jina lile liandikwe na mtu mwingine. Niliandika polepole, boksi baada ya boksi, yeye akiyapanga mezani wino ukauke, Yunusu akisoma kila moja kwa sauti kama vile yatakuwa na tofauti. *Fakihi, Kivinje.* Na chini yake, *Mkono wa Kazija.*

Aliinama juu ya boksi la kwanza.

"Mama mkubwa, mbona jina la babu kubwa, langu dogo?"

"Babu yako alitangulia."

"Na yeye alianza na herufi ndogo," Yunusu akasema, bila kuinua macho, akiendelea kukoroga.